Kabla hujakitupa, kitazame

Ndugu msomaji, leo asubuhi ulifagia uwanja wako. Ulikusanya majani makavu, maganda ya ndizi, kipande cha kamba, kopo lenye kutu na vigae vya chungu kilichovunjika jana. Ukavipeleka vyote jaani. Kazi ikaisha. Hukuvitazama tena.

Hukufanya kosa. Uwanja ni lazima ufagiliwe. Lakini hebu jiulize: ulipokiokota kile kigae cha chungu, ulikiona? Mkono wako ulikishika. Je, jicho lako lilikitazama?

Watu wengi tuna macho mazima, lakini vitu vingi hatuvioni. Kitu kikiwa kipya tunakitazama. Kikizeeka tunakizoea. Kikivunjika tunakitupa.

Leo tutakueleza habari za mtu aliyefanya kinyume chake. Alivitazama vitu ambavyo wengine hawakuvijali: karatasi zilizokunjwakunjwa, vipande vya kamba, bilauri ya maji, kipande cha mkate, hata vumbi. Alivipiga picha zisizo na rangi, picha nyeusi na nyeupe. Picha hizo leo zinatunzwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Na mtu huyo alifanya kazi yote hiyo kwa mkono mmoja.

Jina lake Josef Sudek.

FUNDI ALIYEPOTEZA MKONO

Josef Sudek alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Kolín, katikati ya Ulaya. Nchi yake leo inaitwa Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alifariki Josef akiwa bado mtoto mdogo.

Josef alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Kujalidi ni kuzishona kurasa za kitabu na kukitia jalada. Ni kazi nzuri, lakini inahitaji mikono miwili. Mkono mmoja unashika, mwingine unashona.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Vita hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Wajerumani na Waingereza walipigana katika ardhi yetu, na wazee wetu wengi walibebeshwa mizigo ya majeshi. Wakati huo nchi ya Josef ilikuwa chini ya mfalme wa Austria. Mwaka 1915 Josef aliingizwa jeshini. Akapelekwa kupigana huko Italia.

Huko Italia alijeruhiwa mkono wa kulia. Madaktari walijaribu kuutibu, lakini haukupona. Mwishoni waliukata mpaka begani.

Fikiri, ndugu msomaji. Kijana wa miaka 20 hivi anarudi kutoka vitani. Ufundi anaujua, lakini hawezi kuufanya tena. Alikaa muda mrefu katika hospitali za askari. Baadaye alikaa katika nyumba kubwa mjini Prague. Nyumba hiyo ilikuwa ya askari walioumia vitani. Wengine hawakuwa na miguu. Wengine hawakuwa na mikono. Vita ilikuwa imekwisha, na watu mitaani walikuwa na mambo yao. Askari hawa walikaa tu, siku baada ya siku.

Kabla ya vita Josef alikuwa amejaribu kupiga picha kwa kujifurahisha. Sasa alichukua kamera kwa nia mpya. Aliwapiga picha askari wenzake pale walipokaa. Katika picha hizo mwanga wa jua unaingia dirishani na kuwaangukia mabegani. Ukiziona, huoni watu waliokwisha kazi. Unaona watu.

Mwaka 1922 Josef aliingia shule ya ufundi mjini Prague, akajifunza upigaji picha sawasawa. Kamera kubwa za wakati ule zilikuwa nzito, za mbao, zenye miguu mitatu. Mtu wa mikono miwili hutoka jasho kuibeba na kuisimamisha. Josef aliibeba begani. Kazi ya mkono mmoja aliifanya kwa mkono. Kazi ya mkono wa pili mara nyingine aliifanya kwa meno.

TOROLI NDANI YA KANISA

Wakati huo kanisa kubwa la Prague, Kanisa la Mtakatifu Vitus, lilikuwa linamaliziwa kujengwa. Kanisa hilo lilianzwa kujengwa mwaka 1344, na lilikamilika mwaka 1929. Hesabu mwenyewe uone ni miaka mingapi.

Josef aliingia ndani kupiga picha. Mpiga picha mwingine angewaomba mafundi waondoe vyombo vyao kwanza. Angetaka madhabahu, nguzo ndefu na vioo vya rangi. Josef hakuwaomba waondoe kitu. Alipiga picha vitu vilevile vya ujenzi: toroli, kamba, mbao, majembe na mawe. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu ukaviangukia.

Katika picha hizo toroli limekaa kwa heshima kama kiti cha mzee. Picha 15 za kanisa hilo zilitolewa pamoja mwaka 1928. Ndizo zilizoanza kumjulisha Josef kwa watu.

Tunajifunza nini hapa? Kanisa lilijengwa kwa toroli. Watu husifu kanisa wakalisahau toroli. Josef hakulisahau.

DIRISHA MOJA, MIAKA 14

Mwaka 1927 Josef alipata kibanda cha mbao katika bustani nyuma ya nyumba za watu, mjini Prague. Kikawa chumba chake cha kazi. Kilikuwa kidogo. Nje palikuwa na mti uliopinda wa matofaa.

Mwaka 1939 majeshi ya Wajerumani yaliingia Prague na kuitawala nchi. Kutembea mjini na kamera kukawa jambo la hatari. Josef angeweza kusema, “Basi, kazi imekwisha.” Hakusema hivyo. Alibaki ndani ya kibanda chake, akaligeukia dirisha.

Kuanzia mwaka 1940 mpaka mwaka 1954 alipiga picha dirisha lile lile. Alilipiga siku ya mvua, matone yakitiririka kwenye kioo. Alilipiga siku ya baridi kali, kioo kikiwa kimeganda barafu. Juu ya kizingiti cha dirisha aliweka bilauri ya maji, au kijiti chenye ua moja ndani ya gilasi, au kitunguu, au yai. Kisha alingoja mwanga.

Miaka 14, dirisha moja. Utasema, “Huyu mtu hakuchoka?” Jibu ni kwamba dirisha lilikuwa moja, lakini mwanga haukuwa mmoja. Mwanga wa asubuhi si wa jioni. Mwanga wa kiangazi si wa masika. Wewe mkulima unalijua jambo hili kuliko watu wengi. Shamba lako ni lile lile, lakini hulioni sawa siku zote.

KUNGOJA JUA

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, msichana mmoja alikuja kumsaidia Josef kazi. Jina lake Sonja Bullaty. Alikuwa ametoka kwenye kambi za mateso za Wajerumani, na alikuwa amenusurika kufa. Baadaye alihamia Marekani, akawa mpiga picha yeye mwenyewe. Mwaka 1978 alitoa kitabu kuhusu mwalimu wake.

Katika kitabu hicho anasimulia siku moja walipoingia katika ukumbi wa kale, chini ya kanisa lile kubwa. Ukumbi ulikuwa na giza kama pango. Palikuwa na kidirisha kimoja tu. Walisimamisha kamera, wakakaa chini sakafuni, wakazungumza. Sonja hakujua wanangoja nini.

Ghafla Josef aliruka. Mshale wa jua ulikuwa umepenya kidirishani. Upesi upesi wote wawili walichukua vitambaa, wakaanza kuvipunga hewani ili kutimua vumbi la miaka mingi. Kwa nini? Kwa sababu mwanga peke yake hauonekani hewani. Unaonekana unapoangukia kitu. Vumbi lilipotimka, mshale wa jua ukaonekana wote, kutoka dirishani mpaka sakafuni. Kumbe Josef alijua kwamba jua hufika mahali pale mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Siku hiyo alikuwa anailenga.

Wewe pia umeuona mshale kama huo. Unapopika jikoni asubuhi, jua likapenya kwenye tundu la paa, moshi na vumbi huonyesha njia ya mwanga. Pengine umeuona mara elfu. Leo ukiuona, simama kidogo.

KWA NINI NYEUSI NA NYEUPE?

Sasa utauliza: kwa nini picha zisiwe na rangi? Vitu vina rangi. Je, picha isiyo na rangi haipungukiwi?

Kumbuka usiku wa mbalamwezi. Unatoka nje, mwezi ni mpevu. Unauona mwembe, unaliona paa la nyumba, unauona mtungi kando ya mlango. Lakini huoni rangi. Kanga nyekundu iliyoanikwa kwenye kamba inaonekana nyeusi. Majani mabichi yanaonekana ya kijivu. Na bado uwanja wako unapendeza, pengine kuliko mchana. Kwa sababu gani? Kwa sababu umebaki na vitu vitatu: umbo, mwanga na kivuli.

Rangi hupiga kelele. Kitu chekundu kikiwa kando ya vitu kumi, jicho linakimbilia chekundu. Kopo jipya la rangi ya kung’aa linalishinda kopo lenye kutu. Ondoa rangi, na vyote vinakuwa sawa. Hapo kopo la kutu linaanza kushinda, kwa sababu lina mikunjo, mashimo, na sehemu laini karibu na sehemu zenye makwaruzo. Kila kovu linashika mwanga kwa namna yake. Kopo jipya halina kovu, na kwa hiyo halina mengi ya kuonyesha.

Picha hizi hutengenezwaje? Katika njia ya zamani, filamu hupakwa dawa yenye chumvi ya madini ya fedha. Ni fedha ile ile ya bangili na pete. Mwanga unapoingia ndani ya kamera, unaigusa dawa hiyo. Filamu husafishwa kwa dawa nyingine gizani. Mahali palipopata mwanga mwingi panakuwa peusi. Mahali pasipopata mwanga panabaki peupe. Kwa hiyo filamu huonyesha mambo kinyume: uso wa mtu mweusi huonekana mweupe, na shati lake jeupe huonekana jeusi.

Baada ya hapo filamu huwekwa juu ya karatasi yenye dawa kama ile. Mwanga hupitishwa. Mambo yanageuka tena, na picha inakuja ilivyo kweli. Kazi hiyo hufanyika katika chumba cha giza chenye taa nyekundu hafifu, kwa sababu karatasi hiyo haiharibiwi na mwanga mwekundu.

Mwaka 1940 Josef aliona picha moja ya zamani ya sanamu iliyopo katika kanisa la Chartres, nchini Ufaransa. Picha hiyo haikukuzwa. Filamu yake ilikuwa kubwa, ikalazwa moja kwa moja juu ya karatasi. Kila mstari wa jiwe ulionekana. Tangu siku ile Josef aliacha kukuza picha zake. Alitumia filamu kubwa, na picha ikawa na ukubwa ule ule wa filamu. Alitaka kitu kionekane chote, mpaka ufa wake mdogo kabisa.

GLAVU NA VIPISI VYA SIGARA

Josef hakuwa peke yake katika kazi ya namna hii. Huko Marekani alikuwapo mwalimu mmoja wa shule katika jiji la New York. Jina lake Aaron Siskind. Mwaka 1944, wakati wa likizo, alikwenda katika mji wa wavuvi unaoitwa Gloucester. Huko hakupiga picha za jahazi wala za bahari. Alipiga picha vitu vilivyoachwa ufukoni: kamba, mwani, na glavu moja kuukuu iliyolala juu ya ubao. Glavu ni mfuko wa kuvaa mkononi. Glavu ile ilikuwa bado imeshika umbo la mkono wa mtu aliyeivaa. Mtu ameondoka, kazi yake imebaki.

Mwingine ni Irving Penn, naye pia Mmarekani. Huyu alikuwa mpiga picha maarufu wa gazeti la Vogue. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupiga picha za mavazi ya fahari na watu mashuhuri. Mwaka 1972 alivigeukia vipisi vya sigara vilivyookotwa katika mitaa ya New York. Vilikuwa vimekanyagwa na kuchanika. Alivipeleka katika chumba chake cha kazi, akavisimamisha mbele ya kamera, kimoja au viwili viwili. Akavipiga picha kwa uangalifu ule ule aliowapa watu mashuhuri. Picha akazichapisha kwa dawa yenye madini ya platinamu, ambayo ni ghali kuliko fedha.

Mwaka 1975 picha hizo zilitundikwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa huko New York. Vipisi vilionekana vikubwa kama nguzo za nyumba iliyobomoka. Picha hizo haziisifu sigara. Sigara inaharibu mapafu ya mtu, na picha hizo haziyafichi majivu wala uchafu. Lakini zinatuonyesha kwamba hakuna kitu kidogo mno au duni mno hata kisistahili kutazamwa mara moja.

KUFAA NA KUPENDEZA

Hapa kwetu tuna ujuzi mkubwa wa kutumia vitu vilivyotupwa. Mpira wa gari ukiisha, fundi hukata katambuga. Kopo likimaliza kazi yake, fundi wa bati hulifanya koroboi, na watoto hulifanya gari la kuchezea. Gunia likichanika hutiwa kiraka, na likishindikana hufutia miguu mlangoni. Wahenga walituambia, “Usiache mbachao kwa msala upitao.”

Kwa hiyo hatuhitaji mtu wa kutufundisha kwamba kitu kikuukuu kinafaa. Hilo tunalijua. Lakini kufaa ni jambo moja, na kupendeza ni jambo jingine. Jembe lililolika mpaka likabaki dogo kama kiganja halifai tena kulimia. Je, halipendezi?

Lichukue ulitazame. Upande mmoja umelika kuliko mwingine, kwa sababu mwenye jembe alikuwa akiinamia upande huo. Makali yake yamekuwa membamba na laini kwa kusuguana na udongo. Mpini wake umeng’aa pale mikono iliposhika. Hakuna fundi aliyechora umbo hilo. Limechorwa na mama yako, kwa misimu 20 ya kulima. Ukilitupa bila kulitazama, umetupa maandishi ya maisha yake kabla ya kuyasoma.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma. Unakumbuka siku ya kwanza? Herufi zilikuwa alama tu, kama njia za mchwa ukutani. Zilikuwapo siku zote, kwenye magunia, kwenye makopo, kwenye mabango ya barabarani. Ulikuwa unazipita. Siku ulipojua kuzisoma, zikaanza kusema nawe. Kutazama ni kusoma pia. Herufi zake ni mwanga na kivuli.

JARIBU MWENYEWE

Huna haja ya kuwa na kamera ili uanze. Fanya hivi:

Kwanza, chagua kitu kimoja kilichokwisha kazi. Kinaweza kuwa kigae cha chungu, mwiko uliovunjika, kiatu kimoja, gunzi la mahindi, au kufuli lenye kutu. Kama kina matope, kioshe.

Pili, kiweke karibu na mlango au dirisha wakati wa asubuhi, au jioni jua linapokaribia kuzama. Wakati huo mwanga unakuja kutoka ubavuni, na kila kovu la kitu linatoa kivuli. Saa sita mchana haifai. Jua likiwa utosini vivuli vinakuwa vifupi na kila kitu kinaonekana bapa.

Tatu, weka nyuma yake kitu kisicho na mapambo, kama gunia, mkeka usio na rangi, au ukuta wa udongo. Kitu kikiwa peke yake kinaonekana vizuri.

Nne, chukua kipande cha boksi. Kikate dirisha dogo katikati, la ukubwa wa kiberiti. Fumba jicho moja, kisha tazama kwa kupitia dirisha hilo. Kisogeze mbele na nyuma. Mpiga picha hufanya kazi hiyo hiyo. Anachagua nini kiingie na nini kibaki nje.

Tano, kigeuze kitu chako polepole. Tazama kivuli kinavyotembea. Usiwe na haraka. Utafika mahali utasema moyoni, “Hapo.” Hapo ndipo penye picha yako.

Siku hizi simu nyingi za mkononi zina kamera ndani yake. Kama wewe au kijana wako anayo, mwambie aiweke katika hali ya picha nyeusi na nyeupe. Akizime kimulimuli cha simu, maana kinaua vivuli. Aegemeze mikono yake kwenye kitu kigumu ili picha isitikisike. Kisha akisogelee kitu kwa karibu. Picha moja iliyofikiriwa ni bora kuliko picha 50 za haraka.

Jambo moja la tahadhari. Hatukwambii ujaze takataka nyumbani. Kopo likikaa nje huingia maji ya mvua, na mbu huzaa humo. Vioo vilivyovunjika hukata miguu ya watoto. Betri kuukuu zina sumu, na chupa za dawa za shambani zina sumu zaidi. Hizo usizichezee kabisa. Tazama kitu chako, kipige picha kama unaweza, kisha kipeleke mahali panapostahili. Picha haileti mbu.

KIBANDA KILIVYOJAA

Tumrudie Josef. Katika miaka ya mwisho kibanda chake kilijaa. Hakuwa mtu wa kutupa. Karatasi, barua, kamba, maboksi, vyote vilirundikana mezani na sakafuni mpaka njia ya kupita ikawa nyembamba. Mama yeyote mwenye nyumba angekasirika, na angekuwa na haki.

Lakini Josef alisimamisha kamera yake mbele ya marundo yale, akayapiga picha. Karatasi zilizokunjamana zikaonekana kama milima na mabonde. Bahasha za barua za marafiki zake wa mbali zikaonekana kama ndege waliotua. Aliziita picha za namna hiyo “Mizingile”, yaani njia zenye kupindapinda ambazo mtu hupotea ndani yake.

Mwaka 1961 serikali ya nchi yake ilimpa cheo cha heshima cha msanii. Alikuwa mpiga picha wa kwanza nchini humo kupewa cheo hicho. Alifariki mwezi Septemba mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 80. Kibanda chake kiliungua moto mwaka 1985. Baadaye kilijengwa tena mahali pale pale, na kikawa mahali pa kuonyeshea picha.

Kabla hatujamaliza, kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1926 Josef alisafiri kwenda Italia pamoja na marafiki zake wanamuziki. Usiku mmoja aliwaacha katikati ya muziki, akaondoka bila kuaga. Alikwenda kutafuta mahali alipojeruhiwa. Alipata shamba lile. Mkono wake hakuupata. Alikaa huko kwa muda wa miezi miwili hivi, ndipo akarudi nyumbani. Baada ya hapo hakwenda tena safari kama ile. Alirudi Prague, akafanya kazi kwa mkono uliobaki.

Hapo ndipo unaweza kuelewa kwa nini mtu huyu alipenda vitu vilivyovunjika. Hakuvihurumia. Alivijua. Aliwahi kuwa mmoja wao: kijana asiyeweza kazi yake, aliyewekwa katika nyumba ya watu waliokwisha. Kama watu wangemtazama kwa jicho la kupita tu, wangeona bega tupu. Wangekosa kumwona Josef.

Ndugu msomaji, tunazungumza juu ya vigae na makopo, lakini jicho ni moja. Jicho linalozoea kupita juu ya vitu huzoea pia kupita juu ya watu. Pengine katika kijiji chako yupo kijana aliyeumia mguu, anayekaa barazani kutwa. Pengine yupo bibi ambaye hawezi tena kulima, na watu humsalimu huku wakitembea. Je, lini mara ya mwisho ulisimama, ukakaa naye, ukamtazama usoni? Ana habari gani? Ana ujuzi gani ambao bado haujatumika?

Kesho asubuhi utafagia tena uwanja wako. Fagia vizuri. Lakini ukikutana na kigae kimoja, usikitupe mara moja. Kiinue juu, jua likipande kutoka ubavuni. Utaona ndani yake alama za vidole vya mfinyanzi, pale alipoulainisha udongo kabla ya kuuchoma. Weka kidole chako katika alama hizo.

Kisha, ukitaka, kitupe. Lakini utakuwa umekiona.